Mamlaka ya Nyakoe yanatekelezwa na nani?

Ukitoka mji wa Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, barabara kuu ya A1 inapita katikati ya Nyakoe, na ndizi zimepangwa hatua chache tu kutoka kwenye lami. Mama anayeziuza pale yuko chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Soko na ushuru wake ni kazi ya Kaunti ya Kisii, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Lami na ukanda wa ardhi ulio kandokando yake ni mali ya serikali ya kitaifa, kupitia Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, iliyoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Akisogeza beseni lake mita tatu, amehama serikali. Leo kanjo, yaani askari wa kaunti, anakuja na kitabu cha risiti, kesho inabandikwa ilani ya kuwataka watu waondoke kwenye hifadhi ya barabara, na katikati hapo afisa wa trafiki ana lake la kusema. Waulize wote watatu wanafanya hivyo kwa idhini gani, watakujibu kwa neno moja: mamlaka.

Nyakoe ni wadi pia, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Kitutu Chache Kusini. Kwa hiyo ina mwakilishi katika bunge la kaunti, ina msimamizi wa wadi aliyeajiriwa na kaunti, na machifu wanaolipwa na serikali ya kitaifa. Ongeza mbunge, seneta na mwakilishi wa kike, upate orodha ndefu ya watu wenye mamlaka juu ya soko moja la ndizi. Ni yupi kati yao anayeyatekeleza, na kwa niaba ya nani? Swali hilo huulizwa kwa nadra mno, hata katika mikutano iliyoitishwa kwa jina la mwananchi.

Sina ugomvi na wingi wa wenye mamlaka. Ugomvi wangu unahusu kitenzi kinachofuata neno hilo, ambacho Katiba yetu imekitumia kwa uangalifu mkubwa na sisi tumekipuuza. Ibara ya 1 inasema mamlaka kuu ni ya watu wa Kenya, na papo hapo inaeleza yatatekelezwa vipi: kwa kufuata Katiba tu, ama na watu wenyewe moja kwa moja, ama kupitia waliowachagua. Ibara ya 94 inalikabidhi Bunge kazi ya kutunga sheria, lakini kwanza inakumbusha kwamba uwezo huo umetoka kwa watu. Ibara ya 129 inaiambia Serikali Kuu vivyo hivyo, na ya 159 inaiambia Mahakama. Ibara ya 73 ndiyo kali kuliko zote: afisa wa serikali ameshikishwa amana, na alichopewa ni jukumu la kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Walioandika hivyo walijua tulikotoka.

Jirani zetu wa Tanzania, katika Ibara ya 4 ya Katiba yao ya 1977, wameviweka vitenzi viwili pamoja: shughuli za mamlaka ya nchi zitatekelezwa na kudhibitiwa. Ujirani huo unanipendeza. (Jinsi unavyofanya kazi kule Dodoma ni makala ya siku nyingine.)

Tazama vitu ambavyo Kiswahili hukubali vitekelezwe. Ahadi, wajibu, amri, hukumu ya mahakama, sheria, ilani ya chama. Vyote hivyo vilikuwapo kabla mtekelezaji hajanyanyua mkono. Kuna aliyeahidiwa, kuna aliyeamuru, kuna jaji aliyetoa hukumu. Mtekelezaji anafika wa pili. Ndiyo maana tunaposema gavana anatekeleza mamlaka, sarufi yenyewe imeshamwonyesha mahali pa kukaa: kuna aliyemtangulia, na kuna atakayekuja kuuliza kazi imefikia wapi.

Magazeti na redio zimekivuruga kidogo kitenzi hiki. Siku hizi majambazi "hutekeleza" wizi na washukiwa "hutekeleza" mauaji, kana kwamba kuna ofisi waliyokwenda wakapewa kazi hiyo na kutia sahihi. Katika nchi hii, wakati mwingine, hilo ndilo lililotokea. Lakini kwa kawaida mwizi hatumwi na mtu, naye ni mmoja wa watu wachache wanaofanya mambo kwa mamlaka yao wenyewe.

Viongozi wetu nao, wakishika kipaza sauti, huegemea kutumia: nitatumia mamlaka yangu, nimetumia uwezo wangu. Hakuna kosa la kisarufi hapo. Hata kosa la jinai tunaliita matumizi mabaya ya mamlaka. Sijasikia mtu akishtakiwa kwa utekelezaji mbaya wa mamlaka. Ila ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba kinachozungumzwa ni chombo kilicho mkononi mwa mwenyewe, cha kupiga nacho au cha kugawia nacho. Na hapo wanakikosea heshima hata kitenzi chao, kwa sababu kutumia kumezaliwa na kutuma. Mtumishi, utumishi, matumizi, mtume, wote ni ukoo mmoja. Mtoto aliyetumwa dukani na noti ya mia mbili ana uhuru wa kuchagua njia atakayopita na duka atakaloingia. Hana uhuru wa kuamua kwamba sukari ibaki huko na peremende zije nyumbani. Akirudi ataulizwa chenji. Mtumishi wa umma ambaye hajawahi kuulizwa chenji husahau upesi kwamba noti haikuwa yake.

Huku kusahau kuna historia, na kwetu Gusii historia hiyo si ya mbali. Bogetutu, ambamo Nyakoe imo, kulikuwa na omogambi, kiongozi aliyerithi nafasi yake. Kwingineko Gusii jambo hilo halikuwa la kawaida. Abagaka, yaani wazee, walikaa wakasikiliza mashauri na kuyaamua. Lakini hata omogambi hakuwa na jela wala askari wa mshahara. Neno lake lilisimama pale wazee walipokubali lisimame, na aliyelipinga alijua ni nani wa kumwendea.

Waingereza walifungua kituo cha Kisii mwaka 1907. Januari ya mwaka uliofuata Mgusii aitwaye Otenyo akamchoma mkuki Northcote, afisa wao wa utawala, na kisasi kilichofuata kikachoma nyumba na kupora ng'ombe. Kuanzia hapo mamlaka yalishuka kutoka juu. Sheria ya kikoloni ya 1902 kuhusu wakuu wa vijiji, na ile ya 1912 kuhusu mamlaka za wenyeji, zilimfanya chifu kuwa mkono wa serikali: aamuru watu kwenda kazini, azuie pombe, asimamie kodi. Chifu wa aina hiyo alikuwa mtekelezaji kamili, tena hodari. Ila aliyemtuma hakuwa mtu wa Nyakoe. Alikuwa gavana aliyekaa Nairobi, naye alitumwa na London.

Uhuru ulipokuja, Sheria ya Machifu ilirithiwa karibu nzima. Ilibidi kungoja hadi 1997, vyama vilipoafikiana katika mpango wa IPPG, ndipo makali yake ya wazi yakapunguzwa. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Sita, ikaagiza utawala wa mikoa upangwe upya ndani ya miaka mitano ili uendane na ugatuzi. Kilichofuata ni Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya 2013, na chifu yungali palepale. Namheshimu chifu. Anajua nani kafiwa na nani anagombania mpaka wa shamba na ndugu yake, na kwa mambo hayo hana mbadala. Lakini ugatuzi haukuondoa mkono wa zamani. Uliongeza mwingine kando yake, na mwananchi akaachwa ajifunze mwenyewe upi unafanya nini.

Katika kaunti jirani ya Nyamira, swali la nani anatekeleza mamlaka, na vipi, lilichukuliwa hadi Seneti. Bunge la kaunti hiyo liligawanyika pande mbili, upande mmoja ukijiita Bunge Mashinani na kukutana nje ya ukumbi rasmi. Hoja za kumwondoa Gavana Amos Nyaribo zilikwama humo mwaka 2023 na tena 2024. Ya tatu ilipita Novemba 2025, ikapelekwa Nairobi, na Desemba ikafa mlangoni. Pingamizi lililoiua lilikuwa la utaratibu: Sheria ya Serikali za Kaunti inataka theluthi mbili ya wajumbe wote waunge mkono hoja kama hiyo, na hapa kulikuwa na wajumbe waliohesabiwa kwamba wamepiga kura ilhali hawakuwa ukumbini. Maseneta wakakubali kwamba kiwango hakikufikiwa ipasavyo.

Wako watu wa Nyamira waliokasirika, na ninaelewa hasira yao. Walitaka tuhuma zisikilizwe, gavana ajibu, ukweli ujulikane. Wakapewa hesabu. Hata hivyo, nadhani Seneti haikukosea. Kura ya mwakilishi wadi si koti ambalo anaweza kumwachia mwenzake alivae kwa niaba yake. Wapigakura wa wadi walimkasimu yeye, kwa jina lake, baada ya kumwona na kumsikia kampeni nzima. Kanuni ya kale ya sheria inasema aliyekasimiwa hakasimu tena, isipokuwa aliyemtuma amemruhusu. Mjumbe asipofika ukumbini, mamlaka ya wadi yake siku hiyo hayakutekelezwa na mtu yeyote, hata kama jina lake limeandikwa kwenye orodha. Ninachowalaumu waliosimamia kura ile ni kwamba walikuwa na sababu nzito mikononi wakaikabidhi kwa njia nyepesi.

Kwa upande wa Kisii, tarehe 29 Februari 2024 bunge la kaunti lilipiga kura kumwondoa Naibu Gavana Robert Monda, na tarehe 14 Machi Seneti ikaidhinisha. Akawa naibu gavana wa kwanza nchini kupoteza kiti kwa njia hiyo. Miongoni mwa tuhuma ilikuwamo ile ya kupokea pesa kutoka kwa mtu aliyetafuta kazi katika kampuni ya maji. Siasa zilikuwapo nyuma ya hoja ile, na asiyeziona amefumba macho. Lakini mtu aliweza kufuatilia hatua moja baada ya nyingine, akajua nani alifanya nini na kwa kifungu kipi.

Kinachonisumbua kuliko visa vya magavana ni mamlaka yaliyolala. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila mwenyekiti kuanzia mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025. Muda wote huo hakuna uchaguzi mdogo uliofanyika nchini. Wadi za Nyamaiya, Ekerenyo na Nyansiongo, zote za Nyamira, zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopiga kura tarehe 27 Novemba 2025 kujaza viti vilivyokuwa wazi. Nyamira ina wadi 20 tu. Ukitoa tatu, umewanyamazisha watu wengi katika bunge ambalo kila kura ilikuwa ikipiganiwa kwa meno. Hakuna aliyewapokonya watu hao mamlaka yao. Ibara ya 1 ilikuwapo siku zote, neno kwa neno. Kilichokosekana ni watu wachache wa kuapishwa ili kazi ianze, na waliopaswa kuhakikisha wanaapishwa walikuwa wakivutana kuhusu nani ateue jopo la kuwateua.

Kwenye sheria zetu, kosa la kutotenda haliwi na kelele kama kosa la kutenda. Afisa akivunja kibanda, picha zitasambaa kabla ya saa sita. Afisa asipofanya kitu kwa miaka miwili, atapiga picha ya nini mtu?

Haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kwisha imelala hivyohivyo. Ibara ya 104 inaitaja wazi na kuliagiza Bunge litunge utaratibu. Bunge likatunga, kwa masharti mazito kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Katiba Institute, ilivifuta vipengele vikuu vya utaratibu huo. Wananchi walipoanza kuzungumzia kuwarudisha wabunge wao mwaka 2025, jibu la tume lilikuwa kwamba kwa wabunge na maseneta hakuna sheria ya kufuata. Sheria hiyo inapaswa kuandikwa na walewale itakaowarudisha nyumbani. Usishangae kalamu yao kukauka wino.

Shuka ngazi nyingine. Ibara ya 176 inazitaka kaunti zenyewe zigatue kazi zao kwenda chini kadiri inavyowezekana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikafuata kwa kueleza nani awe wapi: msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, msimamizi wa kijiji, na chini kabisa baraza la kijiji lenye wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Ngazi mbili za juu zilijazwa haraka, kwa maana zina mishahara na magari. Katika kaunti nyingi, baraza la kijiji limebaki kwenye karatasi. Magavana walilalamika kwa haki kabisa kwamba Nairobi inabana pesa na kazi zilizopaswa kuja kwao. Nimewasikia wachache sana wakilalamika kwamba wao wenyewe wamezibana Kisii mjini na Nyamira mjini.

Ushuru wa soko unaonyesha jambo hili vizuri. Ibara ya 209 inairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa, na ya 210 inasema hakuna kodi wala ada bila sheria. Kwa hiyo kiasi anachodai kanjo lazima kiwe kimeandikwa mahali: katika sheria ya fedha ya kaunti, iliyopita katika bunge la kaunti, baada ya umma kushirikishwa. Kanjo anayetoza kiasi kilichomo humo na kukupa risiti anatekeleza mamlaka yako wewe mwenyewe, hata kama mfuko unauma. Asiyetoa risiti ni mtu mwenye sare tu.

Tatizo ni jinsi huo umma unavyoshirikishwa. Tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza, likitaja mswada ulioandikwa kwa Kiingereza, na mkutano wa siku ya kazi katika ukumbi ambao nauli ya kuufikia inamlia muuzaji faida ya asubuhi. Tena mkutano wenyewe unaitwa "zoezi". Tumezoea kuita kila kitu zoezi: zoezi la kura, zoezi la sensa, zoezi la kukusanya maoni. Zoezi hufanywa na timu kabla ya mechi. Mechi hii inachezwa lini, na nani amealikwa kuitazama?

Suala la lugha linanikera kwa sababu Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rasmi maana yake ni kwamba mwananchi ana haki ya kuikuta kwenye karatasi ya serikali. Lakini Ibara ya 259 inasema matoleo ya Katiba katika lugha mbalimbali yakitofautiana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Najua sababu: mahakama inahitaji mahali pamoja pa kusimama. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye mamlaka kuu, akiwa msomaji wa Kiswahili, anasoma hati yake ya umiliki katika nakala ambayo haina neno la mwisho. Kaunti zetu mbili haziwezi kuibadilisha Ibara ya 259. Zinaweza kabisa kuchapisha mswada wa fedha kwa Kiswahili, na matangazo yake yakasomwa kwa Ekegusii redioni, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na wagombea wa wadi na kaunti wameshaanza kupita masokoni. Watasema wanaomba mamlaka. Ningependa waulizwe watayatekeleza wakiwa wamekaa wapi, kwa kifungu gani, na sheria ya fedha ya mwaka wao wa kwanza itasomwa kwa lugha ipi. Swali la nani atapewa kazi ya kujenga choo cha soko lingesubiri kidogo, ingawa najua halitasubiri.

Na kabla ya Agosti hiyo kuna njia ambayo haihitaji kura. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, hata kulitaka litunge, libadilishe au lifute sheria. Kwa mambo ya barabara kuu na mengine ya kitaifa, Ibara ya 119 inaruhusu ombi kama hilo lipelekwe katika Bunge, na sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi hayo inakubali yaandikwe kwa mkono, na kwa Kiswahili. Inataka lugha yake iwe ya heshima na karatasi isiwe na maneno yaliyofutwafutwa. Haidai wakili.